Mti wa porini: kuung'oa ni siku moja, kuulea ni miaka

NA MWANDISHI WETU

UKITAKA kuona mti ulioishi miaka mingi na bado haujakupita kimo, huna haja ya kupanda ndege hadi Japani. Jumamosi moja asubuhi, abiri matatu ya Kiserian jijini Nairobi, kisha uunganishe gari la kwenda Magadi na uketi dirishani. Kabla ya saa sita mchana utakuwa umepita mamia ya miti ya aina hiyo, na huenda abiria wenzako wasiwe wameutazama hata mmoja.

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuiona bonsai kwenye maonyesho ya maua au juu ya meza ya mkubwa fulani ofisini. Ni mti kamili, wenye shina nene na gome la kizee, lakini umo ndani ya chombo ambacho kina chake hakizidi upana wa kiganja. Wapo wanaodhani kwamba huo ni mti wa mbegu ya pekee. Wengine hunong'ona kuwa umefanyiwa mazingaombwe. La hasha! Ni mti wa kawaida ambao mizizi na matawi yake hupunguzwa kwa ustadi mwaka baada ya mwaka. Neno bonsai lenyewe ni la Kijapani na maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye trei.

Bonsai inaweza kuanzishwa kwa mbegu, lakini itakubidi ungoje miaka kumi au ishirini kabla ya shina kuwa na sura ya uzee. Ndiyo maana wapenzi wa sanaa hii huenda porini kutafuta mti ambao jua, upepo na wanyama wameshaufinyanga. Wajapani huuita mti wa namna hiyo yamadori, yaani uliochukuliwa mlimani.

Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo penye hatari. Kuchimbua mti ni kazi ya nusu siku. Kuufanya uishi baadaye ni kazi ya miaka miwili, na miti mingi inayobebwa kwa furaha kutoka porini hufia nyuma ya nyumba za watu bila kuliliwa na yeyote. Kabla hujanunua sululu, fuatana nami kwenye barabara hii ya Magadi.

Kutoka Rongai hadi Kona Baridi

Ukishapita Bomas of Kenya, Mbuga ya Taifa ya Nairobi hubaki mkono wako wa kushoto, na punde si punde unaingia Ongata Rongai na kelele zake zote. Kutoka hapo hadi Kiserian, macho yako yatakutana na mabango ya ploti zinazouzwa, marundo ya mawe ya kujengea na ua za mabati. Usisinzie. Ndani ya ua hizo kuna visiki vya mutamaiyu, yule mzeituni wetu wa mwituni ambao Wamaasai huuita oloirien na kuutumia kusafishia vibuyu vya maziwa. Mti huu ulikatwa kwa kuni, ukachipuka, ukakatwa tena, ukachipuka tena. Sasa ploti imepata mwenyewe, na tingatinga likija halitauliza kisiki umri wake.

Baada ya Kiserian gari hupanda mlima hadi Kona Baridi, kwenye ncha ya kusini ya Milima ya Ngong ambayo kilele chake hufika mita 2,460. Jina la mahali hapa halikutolewa kwa mzaha. Teremka kidogo upate hewa na utaona kwamba miti yote imeinama upande mmoja, kana kwamba ilikuwa ikikimbia kisha ikaamriwa kusimama. Upepo ndio ulioikunja. Fundi wa bonsai hutumia waya na miaka mingi kuiga umbo hilo.

Mbele yako Bonde la Ufa limefunguka. Barabara huteremka, na joto huongezeka kila baada ya kilomita chache. Kwanza utaona leleshwa, kile kichaka chenye majani ya rangi ya fedha ambayo ukiyafikicha hunukia kama kafuri. Kisha baada ya Kisamis na Oltepesi migunga hutawala, pamoja na miti ya jamii ya manemane ambayo gome lake hubanduka kama karatasi na ndani huonekana kijani.

Takriban kilomita 70 kutoka Nairobi utafika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya binadamu wa kale katika miaka ya 1940. Ukizuru hapo utapanda daraja la mbao na kuyaona mashoka hayo chini yako kwa wingi, yakiwa yameachwa palepale yalipopatikana. Yangeweza kubebwa yote hadi makavazi ya jijini, lakini yangekuwa mawe tu ndani ya kabati. Shika somo hilo, maana litakufaa kwenye miti pia. Si kila kizuri ni cha kubeba.

Mbuzi ndiye fundi wa kwanza

Kwa nini mti wa huku huwa mnene na mfupi ilhali ndugu yake wa aina hiyohiyo aliyepandwa Karen amepita paa la nyumba? Jibu ni njaa, kiu na mbuzi.

Kila mbuzi anapokata ncha ya tawi, mti huchipua machipukizi mawili au matatu nyuma ya pale palipokatwa. Akirudi msimu ujao, hula hayo pia. Mti unashindwa kurefuka, lakini mizizi yake inaendelea kuulisha, kwa hiyo shina linanenepa na majani yanakuwa madogo na kusongamana. Ongeza ukame unaodumaza, moto wa nyika unaochoma upande mmoja wa gome, na panga la mtafuta kuni. Baada ya miaka 40 una mti wenye makovu na mikunjo ambayo hakuna bwana shamba awezaye kuitengeneza kwa mwezi mmoja.

Lakini sifa hizo ndizo zinazoufanya uwe mgumu kuhamishwa. Mti ulioishi kwa kiu hutuma mzizi wake mkuu mbali sana kutafuta maji. Mgunga unaofika magotini unaweza kuwa na mzizi unaopita urefu wako wewe. Ukiukata mzizi huo, umekata bomba la maji la mti mzima. Ndiyo maana migunga mikubwa huwashinda wengi, na anayeanza aiache.

Kuna pia yule mgunga wa uwandani wenye vifundo vyeusi vinavyopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vifundo hivyo wanaishi sisimizi wanaoulinda mti dhidi ya walaji. Ukiushika, watakutambulisha kwamba nyumba ina wenyewe.

Mti hauna sweta

Kosa linaloua miti mingi hufanyika hata kabla ya kuchimba, nalo ni kuchagua mti wa mbali kwa sababu ya uzuri wake. Ziwa Magadi liko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Mti wa jamii ya manemane uliozoea joto la bondeni, ukiletwa Kahawa West au Kangemi, utaonekana mzima hadi Juni. Baridi ya Julai ikiingia na udongo ukakaa na unyevu, mizizi iliyojeruhiwa itaanza kuoza, na kufikia Agosti shina litakuwa laini kama ndizi mbivu.

Kwa hivyo chagua mti ambao kwao kunafanana na kwenu. Mkazi wa Nairobi, Kiambu au Ngong ashike mutamaiyu na mugumo. Hii ni miti inayosamehe makosa, na kisiki chake kisicho na jani hata moja kinaweza kuchipuka. Mwenye kuishi Voi au Mombasa anaweza kujaribu ile ya joto. Mutarakwa, yaani mwerezi wetu wa milimani, una tabia tofauti kabisa. Ukiupunguza hadi ukabaki bila majani yake mabichi hautachipuka tena. Huo utakuwa umeua.

Na kama unachotamani ni waridi la jangwani, ule mmea wa maeneo kame wenye tako nene na maua mekundu, usichimbue hata kidogo. Huota kwa urahisi kutokana na mbegu, na baada ya miaka michache shina lake huwa limevimba vya kutosha. Waonye watoto pia, kwa sababu utomvu wake ni sumu ambayo zamani ilipakwa kwenye mishale.

Somo kutoka kwa Wajapani

Sanaa hii ilianzia Uchina kabla ya kufika Japani. Katika kaburi la mwanamfalme mmoja wa Kichina lililochorwa ukutani mwaka 706, watumishi wanaonekana wakibeba vyombo vyenye mimea na mawe madogo. Lakini Wajapani ndio walioikuza hadi ikajulikana duniani. Tetemeko kubwa la 1923 lilipoharibu Tokyo, wakuzaji wa bonsai walihamia Omiya na kuanzisha kijiji chao mnamo 1925. Kijiji hicho, ambacho sasa kimo katika jiji la Saitama, kingali kinatembelewa.

Wajapani hao walipenda sana mireteni ya milimani, ambayo ni ya ukoo mmoja na mutarakwa wetu. Wachimbaji walining'inia kwa kamba kwenye magenge ya Itoigawa na milima ya Shikoku ili kuing'oa. Ilichukuliwa hadi mizuri ikaadimika kabisa. Leo sehemu kubwa ya mireteni unayoiona kwenye vyungu vya Kijapani ilioteshwa kutokana na vikonyo vya matawi. Walijifunza, lakini milima ilikuwa imeshakwanguliwa.

Upande wa pili, wametuonyesha maana ya kulea. Huko Washington, Marekani, kuna msonobari mmoja ambao ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625. Agosti 6, 1945, ulikuwa nyumbani kwa familia ya Yamaki mjini Hiroshima, kama kilomita tatu kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipukia. Ukuta wa bustani uliukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Wamarekani. Hesabu vizazi vilivyoumwagilia mti huo maji kila siku tangu 1625, kisha ujiulize kama wewe unaweza kuumwagilia wako hadi Krismasi ijayo.

Ruhusa kwanza, sululu baadaye

Usidhani kwamba mti wa kando ya barabara hauna mwenyewe. Ardhi ya Kajiado ambayo zamani ilikuwa ranchi za pamoja imegawanywa kwa wingi, na kila kipande kina mtu. Katika msitu wa serikali huwezi kutoa hata kisiki bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), kulingana na sheria ya misitu ya 2016. Ndani ya mbuga za wanyama usijaribu. Msandali nao umepigwa marufuku kuvunwa porini tangu 2007. Aidha, waulize maafisa wa misitu kuhusu kusafirisha mti kabla ya kuupakia kwenye gari, usije ukajieleza kizuizini.

Ukimpata mwenye shamba, msalimu kwa heshima na umwambie ukweli. Atakuuliza, "Kijana, huu mti ni wa dawa au wa makaa?" Mjibu, "Mzee, ni wa kupanda kwenye chungu nyumbani." Huenda akacheka sana. Lakini yeye ndiye ajuaye ni mti upi unaowapa mbuzi wake kivuli, upi ni wa dawa, na upi utang'olewa wiki ijayo kwa ajili ya kuchimba msingi wa nyumba. Huo wa mwisho ndio wako. Mugumo mkubwa usiutaje kabisa. Kwa Wakikuyu ni mti wa maombi, na Wamaasai nao wanauheshimu oreteti.

Wakenya si watu wa kunyamazia jambo hili. Novemba 2020, mugumo mkongwe wa Westlands ulipotakiwa kuhamishwa ili kupisha barabara ya juu ya Nairobi, wananchi walipaza sauti na amri ya Rais ikauokoa. Mnamo 2022, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, zogo lilizuka na Rais akaagiza uchunguzi. Utofauti wa mbuyu wa Kilifi na kisiki chako cha mutamaiyu ni ukubwa tu. Swali ni lilelile: mti huu ungeishi kama ungeachwa? Ikiwa jibu ni ndiyo, uache.

Siku ya kuchimbua

Wakati bora ni mwanzo wa mvua, iwe ni ya masika kuanzia Machi au ya vuli kuanzia Oktoba. Udongo umelainika, hewa ina unyevu na mti unajiandaa kuchipua. Epuka Juni na Julai kwa sababu ya baridi, na Januari na Februari kwa sababu ya ukavu.

Ikiwa mti uko ushago kwenu na hakuna tingatinga linaloufukuzia, usiuchukue mwaka huu. Chimba mtaro nusu duara upande mmoja, kata mizizi minene iliyojitokeza, kisha ujaze mtaro kwa mchanga na mboji. Mwaka ujao fanya upande wa pili. Mizizi myembamba kama nywele itakuwa imeota karibu na shina, na hiyo ndiyo inayonywa maji. Mizizi minene hushikilia mti na kupitisha maji tu. Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza hapa ni subira.

Kama ni mti wa kuokolewa leo, fika alfajiri. Beba jembe, sululu, msumeno, makasi ya matawi, magunia yaliyoloweshwa, kamba na maji. Fupisha matawi kwanza ili mti usipoteze maji. Chimba duara pana kuliko unavyodhani unahitaji, nenda chini polepole, na ukate mizizi kwa msumeno badala ya kuivuta. Kuvuta huichana. Usikung'ute udongo wote. Funika mizizi kwa gunia bichi mara tu inapotoka ardhini, kwani dakika chache za jua la Kisamis zinatosha kuikausha. Kisha ufukie shimo. Ng'ombe akivunjika mguu humo, mwenye shamba hatakusahau.

Ukifika nyumbani, usiuweke kwenye chungu cha kupendeza. Tengeneza sanduku la mbao au chukua karai kuukuu, utoboe matundu mengi chini, na ulitie changarawe safi iliyochekechwa. Mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Longonot ni bora zaidi, kwa kuwa hushika maji kiasi na kuyaachilia yanayozidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi utaozesha mizizi, na samadi itaiunguza. Paka gundi nyeupe ya seremala kwenye vidonda vikubwa.

Halafu ufunge mti kwa kamba au waya hadi sandukuni, ukaze hata upepo ukivuma usitikisike. Jambo hili hupuuzwa, lakini ndilo linaloamua. Ncha ya mzizi mpya ni laini kuliko uzi wa buibui, na kila shina linapoyumba, ncha hizo hukatika.

Majani ya kwanza hudanganya

Sasa uuguzi umeanza. Weka sanduku juu ya mawe ili mchwa wasipande, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali wala upepo. Mugumo na mutamaiyu unaweza kuzifunika kwa mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, ukiacha upenyo mdogo wa hewa. Nyunyizia shina maji asubuhi na jioni. Lakini udongo usiloe kila wakati. Chomeka kidole, na ukihisi ubichi, ngoja. Ikiwa unaishi Rongai au Kitengela na maji yenu ya kisima yana chumvi, kinga ya mvua kwenye pipa.

Baada ya wiki nne au nane, utaamka siku moja ukute machipukizi mekundu au ya kijani kibichi. Utawaita watoto na kumpigia simu ndugu yako. Furahi, lakini usiamini bado.

Shina la mti ni ghala. Limehifadhi chakula cha miaka, na mti ukijeruhiwa hukitumia chakula hicho kutoa majani hata kama hauna mzizi mmoja unaofanya kazi. Majani hayo ni deni. Ikiwa mizizi mipya itaota, majani yatalipa deni hilo. Isipoota, ghala litaisha, na mnamo mwezi wa tatu au wa nne majani yatanyauka yote kwa pamoja. Hapo ndipo wengi husema mti umerogwa au jirani ana kijicho.

Kwa hiyo katika miezi hiyo usifanye lolote. Usikate, usikunje, usiweke mbolea, usiuhamishehamishe, na kwa vyovyote usiuinue kutazama mizizi. Anayeng'oa mgonjwa kitandani kila asubuhi ili aone kama amepona, amemuua. Ukitaka kujua kama ungali hai, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, bado kuna uhai. Ukiona hudhurungi kavu, jaribu chini zaidi kabla ya kukata tamaa, maana mutamaiyu unaweza kukaa kimya msimu mzima kisha uchipue karibu na mizizi.

Dalili ya kweli ni mizizi myeupe kuchungulia kwenye matundu ya chini ya sanduku, na matawi kuendelea kurefuka badala ya kusimama. Ukiona hayo, ondoa plastiki kidogokidogo kwa wiki kadhaa na uuzoeshe mti jua la asubuhi. Mbolea nyepesi inaweza kuanza baada ya miezi sita. Mwaka wa kwanza wote ni wa kupona. Mwaka wa pili ni wa kunenepa. Chungu, waya na maumbo ya kuvutia ni ya mwaka wa tatu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mti nao ni mwana.

Hazina iliyo ukutani

Huenda unasema, "Mimi sina gari, sina mjomba Kajiado, na ninaishi ghorofa ya nne." Basi tazama juu.

Ndege hula tunda la mugumo, kisha huacha mbegu popote wanapotua. Mbegu hiyo huota kwenye nyufa za kuta za mawe, mifereji ya paa, madaraja na mitaro ya jiji. Mugumo mdogo wa ukutani huishi kwa umande na vumbi, hivyo hudumaa na kunenepa kama wa mlimani. Tena unahukumiwa kifo tangu siku ulipoota, maana ukiachwa utapasua ukuta. Mlinzi wa jengo huukata kila mwaka na kila mwaka huchipuka.

Omba ruhusa ya msimamizi. Ataduwaa, kisha atashukuru. Ondoa mti polepole kwa kupasua chokaa iliyolegea, ukichukua urefu wowote wa mzizi unaopatikana. Mugumo hutoa utomvu mweupe, kwa hiyo kinga macho. Kati ya miti yote niliyoitaja, huu ndio wenye moyo mkubwa zaidi, na unaweza kuanza upya hata ukiwa na mzizi mmoja unaolingana na kidole. Nafasi unayohitaji ni dirisha au roshani inayopata mwanga.

Kwa wanafunzi, kuna njia nyingine isiyoua chochote. Kwenye tawi la mugumo, bandua gome mviringo kwa upana wa vidole viwili, zungusha kuvu mwani au mboji iliyoloweshwa, na ufunge kwa plastiki. Baada ya wiki sita hadi kumi mizizi itakuwa imejaa humo. Kata chini yake na utakuwa na mti wenye shina nene, huku mama yake akibaki amesimama. Ile miti ya jamii ya manemane nayo wafugaji huikata matawi na kuyachomeka ardhini yawe ua wa boma. Tawi linaloweza kuwa ua linaweza kuwa bonsai.

Kwa hivyo, msomaji, safiri barabara ya Magadi na ushangae. Simama Kona Baridi uone kazi ya upepo, na uwashukuru mbuzi wa Oltepesi kwa ufundi wao. Lakini rudi nyumbani mikono mitupu mara ya kwanza, kisha uanze na ule wa ukutani kwenu. Na ukishauchukua, jiwekee sheria moja tu: usichimbue mti wa pili kabla ya wa kwanza kutimiza miaka miwili ukiwa hai mikononi mwako.